Shajara ya mradi: daftari la kikundi bila namba hasi

2 Februari

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kimeamua daftari lake liingie kwenye kompyuta kabla ya mgao wa mwisho wa mzunguko, na kazi imeniangukia mimi. Daftari lenyewe ni kauntabuku yenye safu zilizopigwa kwa rula na kalamu nyekundu: tarehe, jina, kuingia, kutoka, salio. Sanduku lina kufuli tatu na funguo zake zinakaa kwa watu watatu, lakini daftari lina mwenyewe mmoja tu, mweka hazina, na sijawahi kuona kikao ambacho hesabu yake ilipishana na fedha iliyomo.

Nilipomwonyesha mchoro wa kwanza wa ukurasa, kwenye safu ya salio kulikuwa na mtu wa mfano mwenye −40,000. Mama mweka hazina akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwanangu, haka kamstari ka mbele ni ka nini?"

Nikamweleza kwamba hisa za huyo mtu ni ndogo kuliko mkopo wake, kwa hiyo ana upungufu wa elfu arobaini.

"Basi andika anadaiwa. Ukiniwekea kamstari, mtu wa kwanza kukaona atauliza nani kaiba."

Nimelikubali sharti lake, na si kwa heshima ya umri peke yake. Linanipa mradi wenye utamu: kujenga daftari zima kwa namba nzima tupu, halafu kuona namba kamili zinajipenyeza wapi. Ili tusigombane huko mbele: humu namba nzima ni 0, 1, 2, 3 na kuendelea. Namba kamili ni hizohizo pamoja na −1, −2, −3 na wenzake.

5 Februari

Nimepitia kurasa za mzunguko huu mstari kwa mstari. Hisa, marejesho, faini, mfuko wa jamii, mikopo iliyotolewa: kila kiasi kilichoandikwa ni namba nzima. Senti hazishikiki siku hizi, kwa hiyo hata desimali haihitajiki. Na hakuna mtu aliyewahi kusimama kikaoni akamkabidhi mama shilingi hasi elfu tano. Fedha inahesabika au haipo.

Namba hasi inaingilia mlango mmoja tu, wa kutoa. Ukijumlisha namba nzima mbili unapata namba nzima, ukizidisha vilevile. Hutoki nje ya uzio hata ukifanya hivyo mpaka kesho. Lakini 60,000 toa 100,000 haina jibu ndani ya uzio. Mwalimu wa darasa la pili akimwambia mtoto "tatu toa tano haiwezekani" hamdanganyi. Anasema kweli tupu kuhusu namba nzima. Namba kamili ndizo zinazofungua mlango huo, na zinafungua huo tu: ukija na kugawanya, 7 kwa 2 bado inagonga ukuta.

Kompyuta zina tabia tofauti zikifika mlangoni hapo, na nimeona nizijaribu kabla ya kuchagua. MySQL, programu ya hifadhidata, ukiiambia kwamba safu isipokee alama ya hasi, halafu ukatoa kikubwa kutoka kidogo, inagoma na kusema thamani imevuka mipaka. Hiyo ni adabu nzuri. Lugha ya C haigomi. Kwa namba ya biti 32 (tarakimu 32 za 0 au 1) isiyo na alama ya hasi, 60,000 toa 100,000 inakuja 4,294,927,296. Mwanachama mwenye upungufu wa elfu arobaini anageuka mwenye bilioni nne na ushee, na mashine haikohoi hata kidogo. Mduara wa biti 32 una nafasi 4,294,967,296. Ukirudi nyuma ya sifuri unajikuta upande wa mwisho wa mduara.

Kwa hiyo hakuna kutoa. Hilo ndilo agizo langu kwa msimbo wote: jumlisha, zidisha, linganisha. Alama ya kutoa nikiiona kwenye faili lolote la hesabu, naifuta.

6 Februari

Suluhisho liko kwenye kauntabuku yenyewe. Mama ana safu mbili, kuingia na kutoka, na zote mbili zinapanda tu. Salio anapiga pembeni.

Basi kila mwanachama ninamwekea jozi ya namba nzima: kushoto jumla ya alichoweka, kulia jumla ya alichochukua. Mtu wa mfano wetu ni (60,000, 100,000). Hakuna kilichotolewa popote.

Swali la kwanza ni lini jozi mbili zina maana moja. Aliyeweka 60,000 na kuchukua 100,000 yuko hali moja na aliyeweka 10,000 na kuchukua 50,000: wote wana upungufu uleule. Kishawishi ni kusema "toa, linganisha majibu", lakini kutoa tumekataza. Njia ya kupita ni hii: jumlisha kushoto ya huyu na kulia ya yule, kisha kushoto ya yule na kulia ya huyu. 60,000 + 50,000 ni 110,000. Na 10,000 + 100,000 ni 110,000. Zimelingana, basi ni salio moja.

Kwa herufi: (a, b) ni sawa na (c, d) iwapo a + d = c + b. Kujumlisha tu, pande zote. Nimekaa nikiutazama mstari huo muda mrefu kuliko ulivyostahili kikazi, kwa sababu hiyo ndiyo namba kamili yenyewe. Wanahisabati wanapozijenga namba kamili kutoka namba nzima wanafanya hivi hivi: −40,000 ni jina la familia nzima ya jozi, (0, 40,000), (10,000, 50,000), (60,000, 100,000) na nyingine zisizo na mwisho. Haikai mahali penginepo inakosubiri kugunduliwa. Imeundwa kwa namba nzima zilezile tulizokuwa nazo mfukoni.

Kila familia ina msemaji mmoja mwenye sifuri upande mmoja. Ukipunguza pande zote mbili kwa kiasi kilekile, moja moja, hadi mmoja ufike sifuri, unampata. (60,000, 100,000) inashuka hadi (0, 40,000). Kwenye ukurasa programu inasoma msemaji huyo na kuandika "anadaiwa 40,000". Namba nzima na neno. Kamstari hakapo.

7 Februari

Sheria zilizobaki, zote zimepita majaribio:

Kujumlisha salio mbili ni kujumlisha kushoto kwa kushoto na kulia kwa kulia.

Kinyume cha salio ni kubadilishana viti: (a, b) inakuwa (b, a). Ukitaka kutoa, geuza jozi ya pili halafu jumlisha. Kutoa kumerudi nyumbani kama aina ya kujumlisha, na safari hii hakukwami popote.

Namba nzima n inaingia kama (n, 0). Ukijumlisha au kuzidisha ndani ya namba nzima kisha ukaingiza jibu, au ukaingiza kwanza kisha ukafanya hesabu, unafika palepale. Ndiyo maana tunasema bila wasiwasi kwamba kila namba nzima ni namba kamili.

9 Februari

Jumapili, mjukuu wa mama yupo kidato cha kwanza na alikuwa na zoezi la kuchora duara ndani ya duara. Amelifanya vizuri: namba nzima ndani, namba kamili nje. Kilichomkwamisha ni 12/4, ambayo aliitupa nje ya duara zote kwa sababu "ni sehemu". Nimemwambia ahesabu kwanza. Ikija 3, mahali pake ni duara la ndani kabisa, hata ikija imevaa koti la sehemu. Kinachowekwa kwenye duara ni thamani, maandishi hayahusiki. Vivyo hivyo 5.0. Na −0 pia, maana ni sifuri ileile. Lakini 1/2 inabaki nje, na −1 inasimama kati ya duara mbili: ni namba kamili, si namba nzima.

Akauliza kwa nini basi kuna majina mawili kama moja limo ndani ya lingine. Nikamuuliza kama kuku si ndege. Akacheka, tukaendelea.

12 Februari

Nimeingia kwenye historia, na kazi ya leo imelala. Sijutii.

Luca Pacioli alichapa maelezo ya uhasibu wa pande mbili huko Venice mwaka 1494, na mfumo aliouandika ndio ambao mhasibu yeyote leo anautambua: kila akaunti ina upande wa kushoto na wa kulia, kila upande una namba za kuongezwa tu, na ukitaka kujua hali unalinganisha pande. Wafanyabiashara wa Italia walikuwa tayari wanaendesha biashara hivyo kabla yake. Yaani watu walikuwa wanaishi ndani ya namba kamili, wakikopeshana na kulipana kupitia jozi, wakati wasomi wengi wa Ulaya bado wanabishana kama namba hasi ni kitu au ni upuuzi. Mwaka 1758 Mwingereza Francis Maseres bado aliandika kitabu kizima cha kutaka alama ya hasi isiwe na maana nyingine zaidi ya kutoa kidogo kutoka kikubwa. Mama mweka hazina angeelewana naye.

Al-Khwarizmi, Baghdad, karibu mwaka 820, aligawa milinganyo yake ya mraba katika aina sita. Leo tunaiandika yote kwa umbo moja. Kwake zilikuwa sita kwa sababu kila kitu kwenye kila upande kilipaswa kuwa cha kuongezwa. Kilichopungua upande huu kilihamishiwa upande wa pili kikawa nyongeza. Ni ujanja uleule wa a + d = c + b. Nilidhani nimeubuni kwa ajili ya kikundi cha akina mama, kumbe una miaka elfu moja na mia mbili.

India walikuwa wametangulia. Brahmagupta mwaka 628 aliandika sheria za hesabu kwa lugha ya mali na deni, pamoja na sifuri: deni likiondolewa kwenye sifuri linakuwa mali, mali ikiondolewa kwenye sifuri inakuwa deni, deni mara deni ni mali. Na China, Liu Hui mwaka 263 alieleza vijiti vya kuhesabia, vyekundu kwa chanya na vyeusi kwa hasi. Kwa mama ni kinyume, wekundu ni wa deni.

15 Februari

Kuzidisha. Nilikuwa nimekuacha kwa sababu sikuona daftari linakuhitaji. Lakini kikao cha jana kimefuta faini. Mvua ilinyesha usiku kucha, daraja likafunikwa na maji, watu watatu wakachelewa na kila mmoja akapigwa faini ya 2,000 kama katiba inavyosema. Mwenyekiti akaomba zifutwe, kikao kikakubali.

Faini ni deni: (0, 2,000). Kufuta mara tatu ni kuondoa mara tatu: (0, 3). Sheria ya kuzidisha jozi ni (a, b) mara (c, d) inatoa (ac + bd, ad + bc). Ukiweka namba zetu: kushoto 0 × 0 + 3 × 2,000, kulia 0 × 2,000 + 3 × 0. Jibu ni (6,000, 0). Wanachama kwa pamoja wamerudi juu kwa elfu sita.

Hapa ndipo niliposimama. Hasi mara hasi kuwa chanya ni sheria niliyopewa shuleni kama amri ya polisi, na mwalimu wa kuulizwa swali la ziada hakuwepo. Sasa imetoka yenyewe kwenye jozi, bila mtu kuiamuru: ukiondoa madeni matatu, mtu anakuwa na zaidi. Na ukifungua mabano ya (a toa b) mara (c toa d) kwa mkono, vipande viwili vya kuongeza ni ac na bd. Huyo bd ndiye hasi mara hasi, na kama ungemwacha akae upande wa kulia, sheria ya kufungua mabano ingevunjika.

Kulikuwa na jambo moja la kuhakikisha kabla ya kufunga faili: je, jibu linabadilika ukichagua ndugu mwingine wa familia? Hasi tatu unaweza kuiandika (0, 3) au (2, 5). Izidishe kwa chanya tatu iliyoandikwa (4, 1). Kwa (0, 3) unapata (3, 12). Kwa (2, 5) unapata (13, 22). Jozi mbili tofauti kabisa kwa macho. Lakini 3 + 22 ni 25 na 13 + 12 ni 25, basi ni familia moja, hasi tisa. Programu imejaribu jozi za kubahatisha kwa wingi na haijapata inayopinga. Haipati kamwe, maana kuna uthibitisho wa mistari michache, ila napenda kuona mashine ikihangaika.

16 Februari

Kupanga orodha kuanzia anayedaiwa zaidi: (a, b) iko chini ya (c, d) iwapo a + d ni ndogo kuliko c + b. Hasi saba iko chini ya hasi tatu kwa sababu 0 + 3 ni ndogo kuliko 0 + 7. Imekwisha, dakika chache.

19 Februari

Sifuri imeniletea mjadala mkali kuliko hasi.

Kwenye jozi, (0, 0) ni sifuri, na (200,000, 200,000) ni sifuri. Programu iliandika "hana deni" kwa wote wawili, kama inavyotakiwa, maana ni namba kamili moja. Mama akakataa.

"Huyu wa kwanza kaingia juzi, hajawahi kushika hata shilingi yetu. Huyu wa pili kakopa laki mbili na kazirudisha zote, nyingine kabla ya siku. Utaniambiaje ni sawa?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu alichosema ndiyo hesabu yenyewe. Ukitoka kwenye jozi kwenda namba kamili, unaacha kitu njiani. Namba kamili inakwambia tofauti, inasahau ilipotoka. Kwa salio hilo ni jema, ndilo tunalolitaka. Ukitaka kujua sanduku lina kiasi gani huhitaji historia ya kila noti. Kwa kuamua nani akopeshwe, ni upofu. Mama anakopesha kwa kutazama jozi. Mifumo mingi niliyoiona inahifadhi salio peke yake, namba moja yenye alama, na kila muamala unaifuta ile ya jana.

Kwa hiyo nimegeuza mpango. Hifadhidata inatunza jozi, namba nzima mbili, na haigusi salio kabisa. Salio linahesabiwa kila linapoulizwa. PostgreSQL, programu ya hifadhidata ambayo ndiyo nimeichagua mwishowe, haina aina ya namba isiyo na alama, lakini inakubali sharti kwamba kiasi kisiwe chini ya sifuri, na hilo linatosha kulinda kila safu. Kwenye ukurasa wa mikopo mama anaona namba zote mbili, na salio kwa maandishi madogo chini yake.

Kuna kero ndogo imezaliwa hapo. Kwa kuwa ninaandika namba nzima na neno, "anadai" au "anadaiwa", sifuri ilikuja na majina mawili: anadai 0, anadaiwa 0. Kompyuta za kale kama CDC 6600 zilikuwa na ugonjwa huohuo, sifuri ya chanya na sifuri ya hasi. Nimeweka neno la tatu na kuendelea na maisha.

23 Februari

Nilipoanza niliandika kwamba namba nzima zimo ndani ya namba kamili. Kwenye karatasi ni kweli. Kwenye mashine, inategemea una biti ngapi.

Aina isiyo na alama ya biti 32 inatoka 0 hadi 4,294,967,295. Aina yenye alama ya biti 32 inatoka −2,147,483,648 hadi 2,147,483,647. Tazama vizuri: bilioni tatu imo ya kwanza, haimo ya pili. Hasi moja imo ya pili, haimo ya kwanza. Hakuna iliyo ndani ya mwenzake. Duara mbili za mjukuu wa mama zimekuwa duara zinazopishana. Ukitaka kuzirudisha moja ndani ya nyingine unapaswa kumpa mkubwa nafasi zaidi, biti 64. Ndiyo maana lugha ya Rust inakuruhusu kupeleka namba isiyo na alama ya biti 32 kwenye aina yenye alama ya biti 64 bila swali, lakini kurudi nyuma inakulazimisha useme utafanya nini ikishindikana.

C haiulizi. Andika −1 < 1u, ambapo u ile inasema moja haina alama, na jibu ni uongo. Kabla ya kulinganisha, C inamhamisha hasi moja kwenda upande usio na alama, anakuwa 4,294,967,295, na bila shaka huyo si mdogo kuliko moja. Biti hazikubadilika hata moja. Ni tarakimu za 1 thelathini na mbili mfululizo: zikisomwa hivi ni hasi moja, zikisomwa vile ni bilioni nne na ushee.

Shilingi za kikundi hazifiki bilioni mbili, lakini nimeweka biti 64 kila mahali. Nafasi haina bei.

24 Februari

Hasi imeingia nyumbani na aliyeileta ni mama mwenyewe, kwa tarehe yake ya kuzaliwa. Kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa sekunde kuanzia 1 Januari 1970. Mtu aliyezaliwa 1 Januari 1962, kwa saa za Greenwich, yuko sekunde −252,460,800. Nusu ya wanachama wetu, wakubwa wote, tarehe zao za kuzaliwa ziko upande wa kushoto wa sifuri.

Ndiyo bei ya kuchagua namba kamili kwa saa. Kwa biti 32 zenye alama unafika nyuma hadi Desemba 1901, ila mbele unagota 19 Januari 2038, saa 9:14:07 usiku kuelekea alfajiri huko Greenwich. Zisizo na alama zingefika 2106, bila kumkumbuka mtu yeyote aliyezaliwa kabla ya 1970. Kikundi cha wazee hakiwezi kukubali biashara hiyo. Tarehe nazihifadhi kama tarehe, siku, mwezi na mwaka, na sekunde zimebaki kwa mashine zenyewe.

1 Machi

Katibu anakaa ambako intaneti inakuja na kuondoka, na baada ya kila kikao anatakiwa kunipelekea mabadiliko ya hisa kwa ujumbe mfupi wa simu, herufi 160. Mabadiliko hayo ni namba kamili ndogo ndogo: kaongeza mbili, kapunguza moja, hakuna badiliko, kaongeza tatu. Alama inakula nafasi, na inasahaulika kirahisi mtu akiandika kwa kidole gumba.

Kuna njia ya kuzigeuza ziwe namba nzima bila kupoteza chochote. Sifuri na chanya zidisha kwa mbili. Hasi iondolee alama, zidisha kwa mbili, toa moja. Basi 0 inabaki 0, −1 inakuwa 1, 1 inakuwa 2, −2 inakuwa 3, 2 inakuwa 4. Chanya zimechukua shufwa, hasi zimechukua witiri. Kurudi ni rahisi: ukiona shufwa gawa kwa mbili, ukiona witiri ongeza moja, gawa kwa mbili, rudisha alama. Google wanatumia njia hii kwenye Protocol Buffers, mfumo wao wa kufungasha data, kwa sababu ya nafasi: hasi moja ya kawaida inakula baiti kumi pale, ikipitishwa hivi inakula moja.

Kinachonifurahisha ni jambo la pembeni. Kila namba kamili imepata namba nzima yake, hakuna aliyekosa, hakuna waliogongana. Kwa hiyo namba kamili, pamoja na kuwa na ule upande wote wa kushoto ambao namba nzima hazina, hazizidi namba nzima kwa wingi. Dedekind mwaka 1888 aliifanya tabia hiyo kuwa ndiyo tafsiri ya kitu kisicho na mwisho: kinaweza kupangwa mmoja kwa mmoja na kipande chake chenyewe. Nimejaribu kumweleza katibu. Akasema yeye anachotaka kujua ni kama ujumbe utakuwa mmoja au miwili. Ni mmoja.

8 Machi

Mgao. Kugawanya ni mahali ambapo namba kamili hazina msaada wowote zaidi ya namba nzima, na kwa kweli zinaongeza tatizo.

Faida ya 100,000 kwa watu watatu: kila mmoja 33,333, inabaki 1. Hakuna lugha ya kompyuta itakayobisha. Sasa chukua hasara ya 100,000 kwa haohao watatu. C inasema −33,333 na baki −1. Lugha ya Python inasema −33,334 na baki 2. Wote wawili wako sahihi: −33,333 × 3 − 1 ni −100,000, na −33,334 × 3 + 2 ni −100,000. C inakatia kuelekea sifuri, Python inakatia kuelekea chini. Kwenye namba nzima "kuelekea sifuri" na "kuelekea chini" ni njia moja, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kuchagua. Ukivuka sifuri njia zinaachana.

Kwa pesa hilo si jambo la vitabuni. Kwa njia ya C, shilingi moja ya hasara haina mwenyewe. Kwa njia ya Python, wanachama wanachangia shilingi mbili zaidi ya hasara. Jozi zimeniokoa tena: nagawa upande wa kushoto na wa kulia kila mmoja peke yake, vyote namba nzima, na baki za pande zote mbili zinaandikwa waziwazi. Zinakwenda wapi si juu ya programu kuamua. Nimependekeza mfuko wa jamii. Mwenyekiti anataka liingie kwenye katiba kwanza.

15 Machi

Mzunguko wote umeingizwa. Jumla ya kushoto za wanachama wote na jumla ya kulia zao zimekubaliana na kauntabuku ukurasa kwa ukurasa, isipokuwa ukurasa mmoja wa Novemba ambao maji ya chai yalifuta namba, na mama ameusoma kwa kuuelekeza dirishani. Faili za hesabu hazina alama ya kutoa. Namba kamili zipo mahali pawili tu, ukurasa wa salio na ujumbe wa katibu, na pote zimevaa nguo za namba nzima.

Kazi zilizobaki: kipengele cha baki za mgao kikishapitishwa na kikao, kuchapa ukurasa wa kila mwanachama kwa wasio na simu janja, na ombi jipya la mama, kwamba safu ya kutoka iwe na wino mwekundu.